Usimfuate Sokoni

Mama Nyaboke, kesho binti yako akienda kwa Ombok, usimfuate. Nakuomba.

Mimi nimemfuata binti yangu Kemuma leo. Huyo Ombok wa utafiti wa PhD juu ya wasiwasi alimpeleka soko la Daraja Mbili, asimame katikati ya watu anaowaogopa, apumue polepole mpaka hofu ishuke yenyewe. Nikajificha nyuma ya mitumba.

Nikaona mtoto amefunga macho, anatetemeka, na mwanaume anamnong'onezea.

Nikapiga nduru. Mama Nyaboke, nilipiga nduru! Na wewe unajua kwetu nduru ikilia hakuna anayebaki kwake. Msichana anaogopa watu, mimi nikamwitia soko zima.

"Mchawi huyo! Mshikeni!" watu wakapiga kelele. Ombok ameshikwa shati.

Kemuma akafungua macho. "Mwacheni! Mimi ndiye niliyetaka kuja!" Sauti hiyo sijaisikia tangu aache shule.

Wakamwachilia.

Akaniangalia. "Mama, hofu ilikuwa inashuka. Enda nyumbani."

Eti enda nyumbani.

Nimefika. Chai imepoa hapa mbele yangu. Nimerudi peke yangu. Kemuma amebaki sokoni, anapumua.