Uji wa Kibuyu Kule Makindu

Mpendwa Mutheu,

Hapa Matinyani tuko wazima, na ng'ombe wa mama yako amezaa. Nacheka ukiniita Susu, yaani nyanya. Lakini nina jina la nyanya yetu, kwa hivyo wewe binamu yangu ni mjukuu wangu, hata kama ndio kwanza nimemaliza shule. Acha nikujibu kama nyanya.

Unauliza utasomaje Biblia mbele ya shule nzima huko bweni. Mimi nilijaribiwa kwenye kazi ya kutembeza wageni Makindu kwa miguu, wakionja vyakula vya mji. Ningenyamaza, kazi ingepewa mwingine. Tulipoanza karibu na stesheni ya zamani, sauti haikutoka. Nikampa mgeni mmoja, mzee kutoka mji wa Salama, kibuyu cha uji. Akanirudishia.

"Kwani umetuwekea nini humu? Onja kwanza!"

Wenzake wakacheka. Woga ulinisahaulisha kwamba kwetu mwenyeji huonja kabla ya mgeni. Nikanywa, uji ukanibaki kwenye ncha ya pua.

"Sasa tuambie ni wa nini."

Nikamweleza kuhusu mtama, na jinsi nyanya anavyouchachusha. Wakasogea karibu wasikie. Mutheu, hawakuja kunipima. Walikuwa na hamu ya uji.

Kwenye hekalu la Wasikh, ambako kila msafiri hulishwa bure, tuliketi sote sakafuni. Mimi bado naeleza. Mwenye kazi, aliyetufuata njia nzima, akaniuliza kama Jumamosi nitakuja tena. Kabla sijajibu, yule mzee akadakia, "Atakuja! Lakini kula kwanza, mama. Umeongea hadi chapati zimepoa."

Nakuombea,
Susu wako Mumbua