Kengele ya Kwa Mukai

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kamati ya Historia ya Stesheni! Watu sita, soda kumi na mbili. Wote wananunua tiketi kwa dirisha langu kila asubuhi, wengine Nairobi, wengine viwanda vya EPZ, na hakuna hata mmoja anayejua stesheni hii ya Kwa Mukai ilijengwa lini. Mwenyekiti ni Bonface Musau wa hadwea. Huyo hata risiti hawezi kuandika bila kuuliza tarehe. Wanataka bango la historia lizinduliwe Mashujaa Dei.

Mwandishi wamemtoa Nairobi. Jeff. Viatu vyeupe, tableti kwapani. Akatusomea: "Stesheni yetu iliyo kando ya ziwa..." Ziwa! Hapa, ambapo bomba linatoa hewa! Amenakili historia ya stesheni ya watu wengine. Nikamuuliza ziwa liko wapi. Eti tulia madam, hiyo ni draft tu.

Jumatano, 8 Oktoba

Wamepaka kengele rangi ya dhahabu. Aiee! Si kengele hata, ni kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya. Zamani ndicho kilikuwa simu yetu. Ukigonga mara moja, treni inatoka Nairobi. Mara mbili, inatoka Mombasa. Mara tatu ni hatari, kila mtu asimame. Tata, baba yangu, aligonga hicho chuma miaka thelathini na moja.

Bango linasema kilitumika kuita wafanyakazi chakula. Chakula! Wanafikiria kwa tumbo.

Jina la tata halipo. La marehemu baba yake Bonface lipo: "Mzee Musau, nguzo ya stesheni." Musau alikuwa kibarua wa kufyeka nyasi kando ya reli. Nguzo na panga lake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimewamaliza. Nilitoa simu nikawaonyesha picha ya ile barua ya pongezi, iliyo kwa fremu ukutani kwa tata kule Masii tangu nikiwa darasa la tatu. Mwaka wa 1984 treni mbili zilikuwa zinaelekeana kwa njia moja, tata, yaani Nzioka, akagonga mara tatu, zote zikasimama. Sahihi ya wakubwa wa reli, muhuri, kila kitu.

Bonface alisoma polepole, midomo ikicheza. Akasema baba yake aliitaja siku hiyo mara moja tu, hakusema mengi. Angesema nini? Aliona akiwa kwa nyasi! Nilicheka mpaka wote wakageuka. Jeff akafuta Musau, akaandika Nzioka. Tata ndiye atagonga kengele siku ya uzinduzi.

Jumapili, 19 Oktoba

Masii, kumchukua tata. Nilimkuta ameketi chini ya fremu, koti la reli limepigwa pasi. Nikamsimulia vile nilivyomnyamazisha kijana wa Musau. Nilijua atacheka. Hakucheka.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, siku hiyo mimi nilikuwa nimelala."

Kaluvu, ile pombe yetu ya kienyeji. Alikuwa amekunywa kwa harusi ya jirani, akaingia zamu, akalala nyuma ya stoo. Musau ndiye aliyeona moshi pande zote mbili. Alitupa panga, akakimbia, akagonga. Kisha akamwamsha tata na kumtia nyundo mkononi kabla wakubwa hawajafika. "Wewe uko na watoto wanne," akamwambia. Basi. Akarudi kwa nyasi zake, akanyamaza mpaka akafa.

Nilitoka nje. Sikutaka kumwangalia. Miaka arobaini na moja tunapangusa vumbi kwa hiyo fremu! Na mimi nimemcheka mtoto wa Musau mbele ya watu.

Nimemwambia tata anyamaze pia, bango limeshaandikwa.

Jumatatu, 20 Oktoba. Mashujaa Dei

Naandika nikiwa ndani ya ofisi ya tiketi. Sikuweza kukaa kwa viti vya mbele.

Bonface amemshika tata mkono mpaka kwa chuma. Nimemsikia akisema, "Karibu mzee, baba yangu angefurahi." Mjinga gani huyu — hapana. Si yeye mjinga.

Tata amegonga. Moja. Mbili. Makofi.

Tatu.

Jeff anapiga picha, anachekelea tu. Hakuna anayejua maana. Mimi nimesimama kabla sijajua nimesimama.

Sasa tata hataki kuketi. Anaomba maikrofoni. Ya pale mbele imeisha chaji, ya akiba iko hapa mezani kwangu, kando ya daftari. Bonface amekuja dirishani, amenyoosha mkono. Kwa heshima kabisa! "Dada Mutheu, mzee ako na neno."

Nimeiwekea kiwiko juu. Naandika kama mtu aliye na kazi. Bado amenyoosha mkono, na tata ananiangalia —