Mrenda wa Mama Chini ya Taa

Ijumaa, 4 Julai

Sketi sita za shule. Zipu mbili. Pindo la pazia la jirani. Mgongo unauma na baridi ya Julai haina adabu.

Kifurushi cha dada yangu Nafula kimefika kutoka Bungoma. Ni leso ya Mama, kona moja imefungwa fundo, na ndani ya fundo mbegu za mrenda, ile mboga yetu ya kuteleza. Kidogo sana, hazijai hata kijiko cha chai. Nyingine alizipanda mwezi wa nne nyuma ya nyumba, kuku wakazifukua. Zile zilizokuwa zikijiotea zenyewe, kaka yetu alizimaliza kwa dawa ya magugu. Hizi ndizo za mwisho. Mrenda wa shina jekundu ambao sijauona soko lolote, tangu nyumbani mpaka lile la Burma hapa Nairobi.

Mimi ndiye niliyemwomba anipe zote. Nimemwahidi kwamba Desemba, kwa ukumbusho wa Mama, nitarudi na mbegu za kutosha shamba zima. Akanijibu kwamba Nairobi hata jua hatuna. Ni kweli, ndiyo maana nimekasirika.

Jumapili, 6 Julai

Tangu ziote zile fleti za jirani, roshani yangu ni giza saa sita mchana. Juu ya paa kuna kamba za nguo na mikono mirefu. Sukuma yangu ya mwaka jana ilivunwa na mtu ambaye hata asante hakusema.

Basi ni ndani. Mtandaoni wanauza hema la kukuzia mimea, bei ya cherehani. Nimecheka peke yangu. Nimelitoa lile kabati langu la kitambaa, fremu ya vyuma na zipu mbele. Ndani nimelishonea karatasi ya kung'aa, ile ya kufunikia chakula, ili mwanga usipotee. Mshono si mbaya.

Mbegu nimezimwagia maji ya moto kama Mama, nikahesabu hadi kumi, kisha ya baridi. Nimezipanda zote. Kwa nini sikubakisha hata chache? Haraka zangu.

Jumamosi, 12 Julai

Zimeota tisa tu. Tisa! Mbegu zilikuwa za zamani. Nimeogopa kweli.

Kila mche uko kwenye mkebe wake. Taa niliyoning'iniza ni ya sebuleni, na miche imeanza kunyoosha shingo kuitafuta. Nimeenda duka la vifaa vya umeme. Muuzaji akanitolea balbu ya LED ya zambarau: "Mathe, hii ndio ya kulima. Wati mia. Iache iwake masaa kumi na nane, itashika tu." Nimeinunua. Ilikuwa imebaki moja, au ndivyo alivyosema.

Jumanne, 15 Julai

Chumba ni zambarau. Mimi ni zambarau. Ugali ni zambarau.

Keateka wetu, Musa, mwangalizi wa jengo, amepiga hodi: "Fundi, hii kitu inawaka hapa ni nini? Watu wa ploti wameanza kuongea." Najua walichokuwa wakiongea: bangi. Nimefungua zipu, nimemwonyesha miche tisa, nimemwambia ni mrenda. Akainama, akanusa jani, akanitazama. "Mrenda, ndani ya kabati?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Kwao ni Vihiga, mrenda wanaujua, kwa hivyo ameomba awekewe majani. Nimemwambia aongee na Desemba.

Jumamosi, 19 Julai

Kuna jambo linanikera. Mpaka leo tokeni za umeme hazijaisha. Balbu ya wati mia inakuwaje na adabu hivyo?

Nimezima kila kitu, hata friji, nimeacha balbu peke yake. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu, na pameandikwa kwamba inapepesa mara elfu moja kwa yuniti. Nimepiga hesabu. Wati mia kwa robo saa ni mara ishirini na tano. Nimekaa kwenye kigoda na saa mkononi. Imepepesa mara nne. Nikarudia. Nne.

Yaani ni wati kumi na sita zilizovaa koti la mia. Nimeudhika, lakini pia nimefurahi sana. Sikujua mita inaweza kusema ukweli hivyo.

Jumapili, 3 Agosti

Nilitoka na vitambaa vitatu mfukoni, chekundu, kijani na manjano. Kila fundi wa nguo anajua taa mbaya inavyodanganya rangi. Nimewahi kushona kola ya maruni kwenye shati jekundu kwa sababu ya taa ya duka.

Nimezunguka maduka matano mpaka mtaa wa Donholm. Waniwashie, niweke vitambaa chini yake. Taa moja iligeuza chekundu changu kuwa rangi ya chai ya jana. Nyingine ikafanya kijani kuwa kijivu. Ile ya zambarau sikuhangaika nayo, chini yake kila kitu ni zambarau. Duka la mwisho lilikuwa na taa nyeupe ndefu za kawaida, wati kumi na nane, za kufungwa jikoni. Chekundu kikabaki chekundu. Muuzaji akauliza: "Mathe, unanunua taa ama unashona dera?" Nikamwambia vyote viwili. Nimechukua mbili, na bei ni ya chini kuliko ile balbu ya mbwembwe.

Nimezifunga juu ya miche, futi moja kwa kipimo changu cha tepu. Nikawasha. Mashina ni mekundu. Mekundu kama nilivyoyaacha utotoni, na wiki tatu nzima sikuwa nimeyaona. Nimelia kidogo. Nimeona pia vidukari chini ya majani, vimekuwa vikila kwa raha ndani ya zambarau. Maji ya sabuni.

Jumapili, 10 Agosti

Mikebe tisa haienei tena kwenye hema langu la kabati. Mmoja ni dhaifu, umepinda. Nimeuhamishia dirisha la jikoni ukajitafutie. Nimejihisi mkatili.

Jumatano, 27 Agosti

Nafula amepiga simu. Nimemweleza taa, vitambaa, mita, saa kumi na nane za mwanga kila siku. Nilijisifu, sitakataa. Akaniuliza: "Sasa hizo mboga zinalala saa ngapi, Nekesa?"

Nimekata simu vibaya. Mimi nahangaika na yeye anafanya mzaha.

Jumamosi, 6 Septemba

Miche minane ya hema ni mizuri ajabu. Majani mapana kama viganja. Lakini hakuna ua. Miezi miwili kamili, hata kifundo kimoja hakuna. Bila ua hakuna mbegu. Nimeongeza samadi. Nimesogeza taa karibu. Nimefikiria kununua ya tatu.

Desemba inakuja na mimi nina majani.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetoka kanisani nikaenda jikoni kuchemsha maji. Ule mche dhaifu una ua. Dogo, la manjano, petali tano. Nimevaa miwani nikahesabu tena.

Huu mkondefu, wa mwanga wa kuazima dirishani? Umepata nini ambacho wenzake hawana? Udongo ni ule ule, maji ni yale yale. Nimezunguka na swali hilo tangu saa saba.

Jikoni nazima taa saa moja nikishaipua ugali. Giza mpaka asubuhi.

Mama hakukubali tuchume mrenda jua likishatua. Alikuwa akisema mboga zimelala. Mimi nilidhani ni kutuepusha na nyoka. Nyumbani jua huchomoza saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili, mwaka mzima, na mrenda huu haujui siku nyingine.

Nimekuwa nikitafuta taa tangu Julai. Kilichokosekana ni usiku.

Nimezima taa za hema saa moja kamili, mpaka asubuhi. Nafula sijampigia. Naona aibu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Vifundo kwenye mitano. Kisha maua. Leo yote minane. Sijui nimwambie nani, nimemwita Musa. Amesimama mlangoni kofia mkononi. Nimempa majani fungu moja kabla ya Desemba.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimempigia Nafula na kuomba msamaha. Hakusema "nilikwambia". Aliuliza kama shina ni jekundu. Nikasema ndiyo. Nikamsikia anavuta kamasi.

Jumamosi, 13 Desemba

Mizigo ya safari iko mlangoni. Nimepasua maganda yote leo juu ya kitambaa cheupe, kwa ukucha, polepole. Mbegu zimejaa kikombe cha chai na kufurika.

Nusu ya Nafula, kwenye kona ya leso ya Mama. Nusu kwenye kona ya leso yangu. Zisikae mkono mmoja tena. Vijiko viwili vilivyofurika, kwenye karatasi, vya Musa.

Mashina makavu nimeyang'oa. Hema ni tupu. Saa moja ilipofika nimeinuka nikazima taa zake, kisha nikakumbuka kwamba hamna kitu ndani.

Sikuziwasha tena.