Picha ya Bunju Iliyotakiwa Bama

Wifi yangu Rukia,

Juzi mjukuu wako alinijia na ile picha mkononi, akaniuliza huyu bibi mwenye samaki kichwani ni nani. Nilicheka mpaka nikashindwa kumjibu. Kisha moyo ukaniuma, maana mtu wa kucheka naye jambo lile ulikuwa wewe, nawe hupo tena. Basi nimekaa barazani nikuandikie.

Kabla ya vita kaka Athumani alikuwa fundi katika karakana ya reli kule Changamwe. Kwa vioo vya madirisha ya mabehewa yaliyovunjwa na lami kidogo alitengeneza sanduku la kioo, akaliweka ukumbini kwetu Jomvu Kuu, na ndani yake akamfuga bunju. Watu walishangaa. Samaki mwenye sumu, haliwi, hauziki, kazi yake kula kaa wadogo na kutukodolea macho. Kaka alipochukuliwa jeshini akapelekwa vitani Bama, ng'ambo ya Bara Hindi, kubeba madebe ya maji ya bahari kila asubuhi kukawa kazi yetu sisi wawili.

Kisha ikaja barua. Uliisoma umesimama, ukaisoma tena umekaa. Kaka alisema wenzake kambini hawasadiki kwamba nyumbani ana samaki anayejijaza akawa kama mpira, na wanamwita mwongo. Akaomba bunju apigwe picha akiwa amevimba, apelekewe upesi. Salamu zako zilikuwa mstari mmoja, mwishoni, baada ya salamu za mbuzi.

Nikakushauri usimame kando ya sanduku ili nawe uonekane.

"Hakuomba picha yangu, wifi," ukaniambia. Ukaikunja barua ikawa ndogo kama hirizi, na siku ile ulimlisha bunju bila kumtazama.

Sisi tulidhani kamera zote ni mamoja. Tukaazima kamera ya sanduku ya mwalimu mmoja wa Kisauni, ile nyeusi ya kubonyeza tu, nikamsogelea bunju mpaka jicho la kamera likakaribia kugusa kioo. Picha iliposafishwa, Mama aliitazama akauliza ni nani aliyepiga picha uji. Mwalimu akatueleza kwamba kamera ile haioni vitu vya karibu, yafaa mtu arudi nyuma. Tukarudi nyuma. Mara hii tukapata ukumbi mzima, mkeka, kinu, na nukta moja ambayo tulibishana siku nzima kama ni bunju au ni uchafu.

Ndipo tukamwita Bwana Faraji, mpiga picha wa Makupa, mwenye kamera kubwa ya miguu mitatu. Alikuja na filamu moja tu, kwa kuwa vita vilifanya filamu kuwa adimu, akasema hataipoteza kwa samaki mwenye haraka. Sanduku tukalihamishia uani, jua limwangukie bunju kutoka juu, kwani mwanga wa mbele hugonga kioo ukamrudia mpigaji. Akatumbukiza kioo cha pili nyuma ya bunju ili asipate nafasi ya kurudi nyuma. Mwisho akataka nguo nyeusi itandwe mbele ya kamera, itobolewe tundu la kuchungulia, ili sisi na ua wetu tusionekane kwenye kioo. Tukatoboa buibui kuukuu la Mama, ingawa Mama mwenyewe hakuwa akijua kwamba ni kuukuu.

Kabla ya kupiga, Bwana Faraji alikuruhusu uingie chini ya kitambaa cha kamera utazame. Ukatoka umeshika kifua.

"Wifi, amekufa," ukasema. "Tumbo liko juu."

Maskini Bwana Faraji alipata taabu kukueleza kwamba katika kamera ile kila kitu huonekana kichwa chini, hata ukuta, hata mimi. Hukusadiki mpaka ulipokwenda ukamwona bunju kwa macho yako akipepea mapezi. Nami nikaona unafuta machozi, kwa samaki uliyekuwa umemnunia wiki nzima.

Ikabaki kumvimbisha. Nikamgusa kwa njiti ya ufagio, akavimba. Bwana Faraji akasema, "Usitikisike."

Amri ile ilikuwa ya samaki. Bunju hakuijali, akageuka na kutuonyesha mkia. Aliyetii ni wewe. Ulikuwa umeshika pembe ya buibui, ukachomoza kichwa kumtazama, jua usoni, na hukupepesa hata jicho.

Picha ikatoka hivyo hivyo. Bunju amekuwa donge la ukungu, na chini yake, katika kioo, uso wako umetulia, wazi hata kipini cha pua kinaonekana. Bwana Faraji aliomba radhi mara nyingi. Mimi nilitaka tungoje filamu nyingine, wewe ukasema siku zimekwenda, ipelekwe. Nilikuuliza miaka mingi kama ulichomoza kichwa kwa kusahau, na kila mara ulinijibu kwamba chai inapoa.

Kaka akarudi, amekonda, nguo zinamning'inia. Mama akamuuliza kama wale wenzake walisadiki mwishowe. Akasema hawakusadiki, walimwita Athumani Mwongo mpaka siku ya kushuka melini. Mama akashangaa, kwani picha hakuipata?

"Niliipata," kaka akasema. "Lakini niwaonyesheje wanaume wale uso wa mke wangu? Heri waniite mwongo."

Ukainuka ukaenda jikoni, na jikoni hakukuwa na kitu motoni.

Kaka hajambo, wifi. Amedhoofu, na maneno yake yamepungua. Jioni huja kwangu tukanywa kahawa, naye hukaa ukingoni kabisa mwa mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Sijamwambia asogee.

Mungu akuweke pema. Mimi nipo, nakukumbuka kwa kicheko zaidi kuliko kwa kilio, na najua ndivyo ungetaka.

Wifi yako,
Mishi