Siku Babu Yako Alipokwama Mtini

Kwako mjukuu na mume wangu Hamisi,

Marahaba. Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kwamba jogoo wetu amehamia kwa jirani na hana mpango wa kurudi. Sie wengine hapa Pugu tu wazima, mama yako Zuhura anakusalimu.

Umeniambia unaogopa kupanda paa, unataka kuacha ufundi, ukaniuliza kama marehemu babu yako aliwahi kuogopa. Alikuwa seremala na mrina asali, na alipandaga kwenye mizinga huku akiimba, mpaka watu wakasema ana dawa. Mie nilikuwa nasimama chini nimeshika kamba. Siku moja wimbo ukakatika katikati ya mti.

"Baba Zuhura, vipi?"

"Miguu imegoma. Niongeleshe."

"Nikuongeleshe nini?"

"Chochote, bora usiimbe."

Nikamsimulia harusi ya shoga yangu, kuanzia pilau lililoungua, naye akashuka tawi kwa tawi. Asali hatukuipata, na dawa hakuwa nayo. Kesho yake alipanda tena huku anatetemeka, na mie nikaendelea na harusi pale nilipoishia.

Bibi yako