Nyongeza za Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na za shangazi, ambaye leo asubuhi alinigongea mlango kuuliza kama umeshaoa. Nimemwambia sijui, kwa hiyo hilo nakuachia wewe. Natumaini u mzima, kifua hakikusumbui, na kazi ya ghalani haijakumaliza mgongo. Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mimi bado niko pale pale mapokezi, kwenye kliniki ya meno, naandikisha watu waliovimba mashavu, nao wananifokea kana kwamba ni mimi niliyewaozesha meno. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unasema uko kazini. Nina hasira, nakuambia mapema. Barua hii isome ukiwa umekaa.

Nianze na hali ya Baba. Anatembea kwa fimbo mpaka bafuni na kurudi. Tangu kile kiharusi mkono wa kulia bado mzito, vidole vinajikunja lakini havishiki. Maneno yanatoka moja moja, na mengine yanagoma kabisa, basi anakasirika na kunyamaza siku nzima. Jambo usilolijua, kwa sababu hukuuliza, ni macho. Upande wa kulia haoni. Simaanishi jicho la kulia, namaanisha upande wa kulia wa kila anachokitazama. Nikimwekea sahani anakula nusu ya kushoto, anasema ameshiba, kisha analalamika kuwa nampunja, mpaka niizungushe. Mtu aliyeendesha kreni maisha yake yote, aliyekuwa akitua kontena juu ya kontena taratibu kama anayelaza mtoto, leo anagonga bega kwenye fremu ya mlango wa chumba chake mwenyewe.

Mtaalamu wa viungo alimpa mpira wa kubinya. Baba akautupa chini ya kitanda. Nikauokota, akautupa tena. Siku moja akaniita, akaonyesha stoo kwa fimbo, akasema neno moja tu: "Kompyuta." Ile yako. Ile aliyokuchomolea waya ukiwa katikati ya mchezo, mkagombana mpaka majirani wakatoka nje, ukafunga begi na kuondoka. Nilidhani kiharusi kimerudi. Nikamwuliza anataka kuifanyia nini, akasema anataka kuucheza ule mchezo. Mtaalamu wa viungo aliposikia alifurahi kweli, akasema mkono wa kushoto utapata kazi na kichwa pia kitachangamka, tuendelee hivyo hivyo. Kwake rahisi, yeye haishi hapa.

Mchezo wenyewe unaujua kuliko mimi. Ni ulimwengu mzima ndani ya kompyuta, watu wanauingia kupitia mtandao, kila mmoja na mhusika wake, mnajipanga vikosi na kushuka mapangoni kupigana na mazimwi. Kitu ambacho hukuwahi kuniambia ni kwamba ukiufungua kama ulivyo, kioo kinajaa vurugu. Vitufe chini, ramani juu kulia, maisha ya wenzako pembeni, maandishi madogo kama sisimizi. Na vingi vya maana viko kulia, kule kule kwenye giza la Baba. Alikuwa anapigwa na kufa bila kujua kilichompiga, halafu ananigeukia mimi kana kwamba nimemuuza.

Nikaenda kwa fundi kompyuta wa pale kona, yule tunayemwita Bwana Tayari kwa sababu husema "tayari" kabla hajagusa kitu. Akaniambia dawa yake ni nyongeza, yaani programu ndogo ambazo wachezaji wenyewe hutengeneza na kugawiana, unazipachika juu ya mchezo nazo zinakubadilishia mpangilio wa kioo. Akanijazia flashi, akasema nizipachike zote. Tayari.

Mdogo wangu, nilizipachika zote. Kioo kikawa kama dirisha la duka la simu. Namba nyekundu zinaruka kila Baba anapopiga, mishale inazunguka, visanduku juu ya visanduku, na mwanamke mmoja asiyeonekana anapiga kelele kila hatari inapokaribia. Baba alidhani ni jirani. Alimjibu mara kadhaa, mwisho akaniambia nimwombe atoke. Nyingine ilikuwa ya kupanga mkoba. Hiyo tulisifiwa sana, eti inamwuzia mchezaji vitu visivyo na maana ili mkoba upate nafasi. Ikaiona ngao ambayo Baba aliihangaikia kwa wiki nzima, ikaihesabu kuwa takataka, ikaiuza. Baba hakufoka. Alilaza kibodi chini, akaenda kulala na viatu.

Nikaziondoa zote, nikaanza upya, moja moja, kila nikitoka kazini. Nilijifunza kwa taabu kwamba nyongeza nzuri kwa mtu mwingine inaweza kuwa balaa kwako, na kwamba walioandika maelezo yake waliwaandikia watu wanaojua tayari. Nikiuliza mtandaoni ipi inamfaa mtu mwenye mkono mmoja na nusu ya macho, wananijibu kwamba inategemea. Inategemea nini? Nilikaribia kuitupa mashine dirishani. Lakini hatimaye nikapata ya kuhamisha vitufe vyote kushoto na kuvikuza, ya kuleta ramani kushoto, na ya kuipa mausi ya mkono wa kushoto kazi za vitufe vingi. Ya kelele nikairudisha, ila nikambadilisha mwanamke, nikaweka kengele. Baba akaanza kuishi muda mrefu zaidi. Akaanza kucheka, ule mcheko wake wa puani. Siku moja nimerudi nikamkuta amevaa shati la kazini, amechana nywele, eti ana miadi pangoni.

Kwa maana alikuwa ameingia kwenye chama, kile mnachokiita chama, kundi la wachezaji wanaotoka pamoja. Akachagua kuwa mbeba ngao, yule anayesimama mbele ili zimwi limpige yeye na si wenzake. Kwenye kuzungumza kwa sauti hakuingia kamwe, kwa sababu ya ulimi wake. Aliandika kwa kidole kimoja, na mara nyingi wenzake walishahamia mada nyingine kabla hajamaliza neno.

Kitu kimoja tulikigombania kila siku. Alikuwa na nyongeza inayoonyesha maisha yake na ya wenzake, kila mmoja na mstari wake wa kijani unaopungua anapoumizwa. Nilimwekea vizuri, kushoto, ndogo. Yeye akaifuta mistari yote akabakiza mmoja, akaukuza mpaka ukawa kama ubao wa tangazo, akauweka katikati kabisa ya kioo, juu ya miguu ya mhusika wake mwenyewe. Nikamwambia Baba, hapo ndipo moto unapotokea chini, hutauona. Nikaurudisha kushoto. Kesho yake nikaukuta katikati. Nikaurudisha, akauhamisha tena. Mwendesha kreni mzima, mtu aliyekuwa akifukuza watu kazini kwa kumzibia kioo cha kibanda chake, sasa anajizibia mwenyewe! Na kweli, akawa anaungua. Wenzake wakaanza kumcheka, kwamba huyu mtu ana ngao lakini hana macho.

Basi ikafika Jumamosi iliyopita. Walikuwa na miadi ya pango kubwa, na Baba alikuwa anaisubiri wiki nzima. Asubuhi hiyo waliotengeneza mchezo wakauboresha, na mchezo ukiboreshwa nyongeza za zamani zinakufa. Sikulijua hilo. Nimetoka zamu, miguu inawaka, namkuta Baba mbele ya kioo, vitufe vyote vimerudi kulia, ramani imerudi kulia, na yeye anapapasa hewani kama mtu aliyezimiwa umeme. Nikamwita Bwana Tayari, akaja, akabonyeza bonyeza, akasema tayari, akaondoka. Haikuwa tayari. Nilichofufua ni ule mstari wake mmoja wa kijani tu, mengine yote yakagoma. Nikamsihi asiingie leo, awaambie anaumwa. Akasema, "Wananisubiri." Neno moja, lakini alilitoa bila kukwama.

Nilikaa kando yake muda wote. Kikosi kilikufa kwa sababu yake, wakarudi, kikafa tena. Alikuwa anakitafuta kitufe cha ngao upande asioona, nami namwelekeza, kulia Baba, kulia zaidi, naye akikipata moto umeshamla. Ndipo kiongozi wa kikosi, anayejiita Mwewe, akaandika mbele ya wote: "Jabali, jina limekufaa, hata jiwe lina akili kukuzidi. Kama mchezo umekushinda kalale, usituharibie jioni." Wengine wakaweka vicheko. Kisha akamtoa kwenye kikosi, na dakika hiyo hiyo akamtoa kwenye chama.

Ndiyo. Jabali ni Baba. Na kiongozi huyo, Mwewe, ni wewe.

Usiitupe barua, endelea kusoma. Unakumbuka uliniandikia ukijisifu kwamba chama chako kinakua na mnapokea wageni? Nilimsomea Baba ujumbe ule nikimlisha uji, ili tu apate habari zako. Siku ya pili yake ndiyo aliyoonyesha stoo kwa fimbo. Mimi ndiye niliyemjazia maombi, msaidizi wako akampokea. Amekuwa akitembea nyuma yako kwa miezi, na wewe umemwita kobe, umemwita gogo, na siku moja, hii najua umeisahau, ulimshukuru. Zimwi lilikugeukia naye akajitupa mbele yako. Ukaandika, "Safi sana mzee, umeniokoa." Hukujua unamwita mzee mzee kweli. Alikuja jikoni kunieleza, na kwa furaha maneno yakamgomea yote, nikabaki namwangalia anapunga fimbo.

Mara ngapi nimemwambia tukujulishe! Hataki. Aliniambia, na ilimchukua muda mrefu kuyamaliza, kwamba ukijua ni yeye utaondoka, au utamhurumia, na yote mawili hayataki. Kwa hiyo hapa namvunjia ahadi, na akijua atanifukuza na mimi.

Na ule mstari wa kijani, ule tuliokuwa tukiugombania. Niligundua Jumamosi, nilipokuwa nahangaika kuufufua, kwamba ulikuwa na jina. Siku zote nilidhani ni wake, anajitazama asife. Ulikuwa wako. Alifuta wenzake wote, akakubakiza wewe, akakuweka mahali pekee kwenye kioo ambapo ana uhakika wa kuona. Alikuwa anaungua kwa sababu hatazami miguu yake. Anakutazama wewe usiumie.

Ulipokuwa unamtoa alikuwa anakuandikia jibu. Kidole kimoja, unajua tena. Kisanduku kilifungwa akiwa amefika "nisame". Sikumwuliza kama alikuwa anaomba radhi ya moto au ya ule waya. Aliendelea kubonyeza herufi kwa muda, hazitokei popote, ndipo akaelewa.

Tangu siku hiyo kioo kimefunikwa kitambaa. Mpira wa kubinya uko chini ya kitanda. Sahani anakula nusu, na nikiizungusha haigusi ile nusu nyingine.

Sikuandikii ili ulie, na usinipigie simu kunieleza kwamba hukujua, maana najua hukujua. Nimechoka na nyongeza, nimechoka na Bwana Tayari, nimechoka kuwa mkalimani wa wanaume wawili wasiotaka kusema jambo jepesi. Nimeshavirudisha vitufe vyote kushoto, nimevijaribu mwenyewe, vinafanya kazi. Jumamosi jioni nitamfunulia kioo nimwambie aingie kidogo tu, mkono usilale. Hana chama, kwa hiyo mtafute kwenye lango la mji, upande wa ngazi, ndipo mhusika wake alipobaki. Mwite Jabali. Mwambie kikosi chako hakina mbeba ngao. Ukimwita Baba kabla yeye hajaanza atazima mashine, namjua. Na akianza kuandika, mdogo wangu, nakuomba usihamie mada nyingine. Subiri amalize.

Shangazi anasubiri jibu lake. Jirani wa mbele anakusalimu, ameniambia nikukumbushe ufunge shingo wakati wa baridi, na mimi naungana naye ingawa bado nimekukasirikia. Baba hajui naandika, kwa hiyo sikupi salamu zake. Zipokee mwenyewe pale langoni.

Ni mimi dada yako,
niliyekulea ukanishinda.