Njaa Yako Niliyoiita Uroho

Mama Njeri, mke wangu,

Mkono unaendeleaje? Dada yako aliniambia plasta imeshatolewa lakini bado huwezi kukamua nguo. Ningekuuliza mwenyewe, ila kila tukiongea kwa simu nageuka mtu wa habari ndogo ndogo: mvua, kuku, mpangaji wa chumba cha mwisho na redio yake. Kwa hiyo naandika. Kwenye karatasi siwezi kukatiza maneno nikasema mteja amefika.

Huu ni mwezi wa nne tangu uende kwake Nyahururu. Watu wa kanisa wakiuliza, nawaambia umeenda kuuguza mkono. Ni kweli, lakini si kweli yote, na wewe na mimi tunajua.

Unakumbuka siku tuliyopimwa presha pale kliniki ya Kabiria? Zetu zote mbili zilikuwa juu. Yule afisa wa afya alituambia tupunguze uzito, na akarudia mara mbili kwamba twende polepole. Tukarudi nyumbani kwa miguu hadi Mutuini tukitaniana kama wachumba. Ulisema, "Tutapungua pamoja, Baba Njeri. Mmoja akilegea, mwingine anamshika mkono." Kesho yake ulitoka kazini na mizani mpya, umeifunga kwa leso, ukatoka nayo mjini hadi mlangoni kwetu ukiwa umeikumbatia kama mtoto.

Zile wiki za kwanza zilikuwa nzuri. Tuliamka mapema tukatembea hadi mtoni na kurudi, majirani wakituuliza kama tunafukuzwa. Ulipika mboga ya sukuma kwa mafuta kidogo, ukatoa sukari mezani, ukawa unaimba jikoni. Tulipanda mizani kila Jumamosi, wewe kwanza kisha mimi, na tulipigiana makofi.

Kisha mimi nikakupita. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimeongeza matundu mawili kwenye mshipi. Wewe ulishuka, ukashuka tena, halafu mizani ikagoma. Hapo ndipo njaa yako ilipoanza kuzungumza. Uliniambia kwamba saa ya chakula cha mchana huko mjini unabadilisha barabara, kwa sababu kila mlango unanuka viazi vya kukaangwa. Ulisema unaota chapati. Mimi nilicheka. Nikasema, "Mbona mimi sisikii njaa? Tunakula sahani moja."

Mama Njeri, hatukuwa tukila sahani moja.

Hili ndilo neno nililokuficha miezi hii yote. Wewe ulibeba kipande cha nduma na kabeji, ukala kwenye dawati lako huku wenzako wakiagiza pilau. Mimi kila adhuhuri, pale buchari, duka langu la nyama, nilikunywa bakuli la supu. Juu ya supu, kipande cha nyama ya kuchoma na ugali kidogo. Niliita kuonja. Mtu wa buchari lazima aonje, nilijiambia, na nikaonja kila siku ya Mungu. Jioni nilirudi nikala kijiko cha mboga mbele yako, nikasukuma sahani, nikasema nimeshiba. Ulinitazama kwa heshima. Ile heshima ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Na kwa sababu nilijiona bingwa, nikajifanya askari. Nilikata sehemu yako ikawa ndogo kuliko aliyoshauri yule afisa. Nikachukua ufunguo wa stoo nikauweka mfukoni. Nakumbuka Jumapili ile niliyousahau mlangoni. Tulikuwa tumetoka kanisani, nikabaki nje nikiongea na jirani kuhusu ua. Nilipoingia nilikukuta stoo, umesimama, bado umevaa nguo zako za kanisani, unakula githeri baridi, mahindi na maharagwe, kwa mwiko moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Hukushtuka. Ulinigeukia tu, ukasema polepole, "Niko na njaa, Baba Njeri. Si ya tumbo pekee. Iko hata kichwani. Nikisoma barua za ofisi naona chakula."

Mtu mwenye moyo angekuvutia kiti. Mimi nilikunyang'anya mwiko. Nikasema, "Huo ni uroho. Kama ni njaa, hata mimi ningekuwa nayo." Ulifuta mdomo kwa kiganja, ukapita. Nilikuwa nimekunywa supu siku iliyotangulia, na Jumatatu nilikunywa tena.

Halafu Jumamosi moja wakaja wakwe zetu, wazazi wa mume wa Njeri, pamoja na Njeri mwenyewe. Ulikuwa jikoni tangu alfajiri. Ulisonga mukimo wa viazi na mahindi, ukakaanga kuku, ukapika chapati laini zile ambazo mama mkwe wa Njeri aliziinua mbele ya dirisha kuona zilivyo nyembamba. Uliwapakulia watu wote. Mwishowe ukajipakulia wewe, ukakaa pembeni, na mimi nikasema kwa sauti ya kuchangamsha mkutano, "Hebu, Mama Njeri, hiyo ni ya watu wangapi?"

Wakacheka. Hata wewe ulicheka, nadhani ili wageni wasione haya. Kisha ukasimama na sahani yako ukairudisha jikoni bila kuigusa. Jioni yote ulizunguka na birika la chai, ukiwauliza watu kama wameshiba. Hukula siku hiyo. Najua pia hukula kesho yake, kwa maana nilikuona ukinipa chakula chako chote kwenye sahani yangu, na mimi nikakila.

Jumatatu wakanipigia simu kutoka ofisini kwenu. Ulikuwa umeanguka kwenye ngazi za ghorofa ya pili, kizunguzungu kimekupata, na kifundo cha mkono kimevunjika. Nilifunga buchari nikiwa bado na aproni. Nilipofika wodini, daktari alikuwa kando ya kitanda anakuuliza unakula nini kwa siku. Ukamwambia. Akakunja uso. Akauliza, "Nani alikupangia kula hivi?"

Nilisimama pale mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema.

Ukajibu, "Ni mimi mwenyewe, daktari."

Na mimi nikauliza kuhusu plasta. 

Ulipotoka hospitali hukugomba. Ulikunja nguo zako chache kwa mkono mmoja, ukaniambia, "Nataka kwenda mahali ambapo hakuna mtu wa kuniangalia nikimeza." Nilikubebea begi hadi stendi. 

Wiki mbili baada ya wewe kwenda, nilirudi pale kliniki peke yangu. Nilidanganya kwamba nimekwenda kupimwa presha. Yule afisa alikukumbuka, akaniuliza hali yako, nikajikuta namwambia kila kitu isipokuwa supu. Nilimuuliza kwa nini wewe ulishindwa na mimi nikaweza.

"Mzee," akasema, "hakushindwa. Mtu akipungua, mwili unadhani kuna ukame. Unapandisha hamu ya kula ili urudishe kilichotoka. Hiyo si tabia mbaya, ni mwili unajitetea. Na ukimkatia zaidi, ndio njaa inazidi."

"Na mimi mbona sikuisikia?"

Akanitazama. "Labda ulikuwa unakula mahali."

Nilitazama viatu vyangu. Hakunisukuma. Akaendelea kunieleza kwamba hata kama tungekula sawasawa kabisa, miili haifanani. Wanaume wengi hushuka haraka wanapoanza, kwa kuwa wana mwili mkubwa unaochoma zaidi. Wanawake wengi wanaokuja kwake humwambia njaa inawaongezekea kadiri wanavyopungua, na siku nyingine za mwezi inakuwa kali zaidi. "Si wote," akasema. "Kuna wanaume pia wanaolia hapa. Lakini huwezi kupima njaa ya mtu kwa tumbo lako."

Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepigwa. Miezi yote hiyo ulikuwa unaniambia kitu cha kweli kuhusu mwili wako mwenyewe, na mimi, mwenye supu ndevuni, nilikuwa nakusahihisha.

Nimeacha kuonja. Sisemi hivi ili unipongeze. Nilitaka kujua. Nilikula chakula chako, nduma ile na kabeji ile, siku tisa. Siku ya tano nilimkaripia mteja mzee bila sababu. Siku ya nane nilisimama mbele ya jiko nikala mafuta yaliyoganda kwenye kikaango kwa kidole. Na mimi nilijua kwamba ninaweza kuacha wakati wowote. Wewe hukuwa na ruhusa hiyo. Nilikuwa na ufunguo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Njeri. Wakwe zetu walikuwepo. Tulipomaliza kula nilisimama nikawaambia kwamba siku ile nilimdhihaki mke wangu mbele yao kwa sababu ya chakula alichopika mwenyewe, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikila kwa siri. Nikawaambia aliyekupangia kula vile ni mimi. Baba mkwe wa Njeri alikohoa, akatafuta glasi ya maji. Mama mkwe akasema, "Mimi ningempiga mtu na lile birika." Hakuna aliyecheka. Njeri alinisindikiza hadi getini, kisha akasema, "Baba, mimi pia nilicheka." Akaanza kulia, nami nikamwambia yeye alicheka mara moja na mimi nilifanya kila siku.

Nimemwandikia pia daktari wa wodini kwamba aliyekupangia ni mimi. Sijui kama atasoma au atakumbuka. Nilitaka jina lako liondolewe kwenye jibu lile.

Sikuombi urudi. Ukirudi, nitafurahi, na mimi ndiye nitakayepika, vibaya, nawe utakula utakavyo au hutakula. Ukikaa huko, nitakuja kukutembelea ukiniruhusu, na ukisema nisije nitabaki. Presha tutaitafutia dawa na mwendo wa polepole, kila mtu na mwili wake.

Jana dada yako alinipigia. Katikati ya mambo mengine alisema kwamba asubuhi ulimaliza bakuli la uji, ukalisukuma mbele, ukaomba uongezwe. Alisema tu, kama habari ya kawaida. Nililia nimesimama, kisu mkononi, wateja wakitazamana.

Ongeza, mama watoto. Ukitaka la tatu, ongeza tena.

Ni mimi mumeo niliyekukosea,
Baba Njeri